Mgongo wa Fulana Nyekundu

Wapendwa, zifungeni Biblia kidogo, nina habari ya binti mmoja mkimbiaji. Mbio zake si za kuzunguka uwanja. Ni za msituni: unapewa ramani na dira, unavitafuta vituo vilivyofichwa mitini, na njia unajichagulia mwenyewe.

Siku hiyo binti alikuwa na sababu ya kuwahi. Mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani ng'ambo tangu yeye akiwa mdogo. Alikuja likizo fupi, na alasiri ileile alikuwa anarudi. "Nitasimama pale mwisho, mwanangu," alimwambia asubuhi. "Nataka nikuone ukitoka msituni." Binti aliyatamani macho yale kuliko medali. Nani hapa hajawahi kutamani kuonwa na mtu mmoja tu?

Sasa oneni alichofanya. Ramani ilimchosha. Mbele akamwona kijana wa fulana nyekundu, anakimbia bila kusita, hatazami ramani wala dira. Akajisemea, "Huyu anajua." Akaikunja ramani yake, akaichomeka kiunoni, akaufuata mgongo. Wakashuka bonde, wakavuka mto, wakakatiza shamba la chai, hadi kijana akaingia kwenye ua wa nyumba na kuanza kuvua viatu.

"Kaka, kituo kiko wapi?"

"Kituo gani, dada? Mimi mbio nimeziacha kitambo, tumbo lilinikata. Hapa ni kwetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Binti akageuka. Nyuma yake kulikuwa na msururu wa wakimbiaji wakihema, ramani viunoni, na wa kwanza wao akamwuliza, "Dada, sasa tunaelekea wapi?"

Mnacheka. Chekeni tu. Alipofika mwisho wa mbio, watu walikuwa wakikunja mahema. "Mama yako aligoma kuondoka," wakamwambia. "Kila aliyetoka msituni, mama alimtazama usoni, akasema, 'Si huyu.' Basi lake lilipiga honi mpaka tukamshika mkono, tukampandisha." Binti akakimbilia barabarani. Akakuta vumbi tu.

Na sisi je? Tunasali kwa kuwa jirani anasali. Tunaoa, tunajenga, hata kugombana na ndugu zetu tunagombana kwa kumfuata mtu ambaye huenda mbio aliziacha kitambo. Wala hatujui kwamba nyuma yetu wapo wanaotufuata sisi. Moyoni tunatamani kufika, tunatamani mno, naijua hamu hiyo, lakini hamu peke yake haimfikishi mtu. Ramani umepewa wewe. Ifungue, hata kama itakuchelewesha, hata kama utabaki peke yako msituni.

Maana yupo aliyesimama kule mwisho. Anatazama nyuso zinazotoka mojamoja, na saa hii tunayozungumza bado anasema, "Si huyu. Huyu naye siye. Wangu hajafika."