Jumbe Arobaini na Saba za Kisungule

Kuitika si kusikia. Mmelisikia neno hilo leo asubuhi kinywani mwa mkuu wenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nani alilisema kwanza. Kaeni basi. Kicheko kiacheni nje, maana neno hili lilizaliwa katika kazi hii hii mnayojifunza, na lilimtoka mtu akiwa na uchungu.

Mji wa Kisungule ulikuwa na bohari ya chanjo, na mtunza bohari wake aliitwa Mzee Gwakisa. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja bila doa, na alikuwa amebakiza miezi minane tu astaafu. Nyumba yake ilikuwa ndani ya ua uleule wa bohari. Jokofu la chanjo likipata joto lilituma ujumbe, kompyuta kuukuu ya bohari ikaupokea, na king'ora cha ukutani kikalia mpaka majirani wakalalamika.

Ujumbe huo haukwenda moja kwa moja. Ili mkoa nao ujue, ulipitia programu iliyokuwa kwenye mitambo ya ofisi ya mkoa, ambayo mafundi waliiita posta. Posta iliupokea ujumbe, ikaushika kwenye foleni, ikaupeleka kwa mwenyewe, kisha ikangoja ajibu "nimepokea." Asipojibu, iliutuma tena. Mwangalizi wa posta hiyo alikuwa fundi mmoja aliyeitwa Atupele, binti hodari, mwepesi wa mikono na mwenye haraka nyingi.

Siku moja mkoa ukaiondoa posta ya zamani na kuweka toleo jipya. Siku hiyohiyo taa ya Kisungule kwenye kioo cha kompyuta ya Atupele ikawa nyekundu. Alipochunguza aliona kompyuta ya bohari inaunganishwa vizuri, inapokea ujumbe wa majaribio, halafu inashindwa kuufungua kwa sababu maktaba yake ni ya zamani. Maktaba, kwa msiojua bado, ni kipande cha programu kilichoandikwa na wengine, nawe unakitegemea kama mama lishe anavyotegemea unga wa mashine ya jirani. Akaweka maktaba mpya. Mpya ikasema haifanyi kazi bila nyingine. Akaileta hiyo nyingine, nayo ikadai ya tatu, na ya tatu ikaikataa kompyuta yenyewe kwa uzee wake. Muda wote huo posta ilikuwa ikituma ujumbe uleule mara mia kwa saa, na mkuu wake anapita nyuma ya kiti akiuliza, "Hiyo nyekundu itaisha lini?"

Hapo Atupele akafanya jambo ambalo ninyi nyote mtatamani kulifanya siku moja, msinidanganye. Akiwa palepale mkoani, akaiamuru programu ya Kisungule ijibu "nimepokea" mara tu ujumbe unapofika mlangoni, kabla ya kuufungua. Akajiambia atarudi Jumatatu kumalizia. Taa ikawa ya kijani, mkuu akamsifu mbele ya wenzake, na Jumatatu ile ikaja na mambo yake mengine.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi mchana, ofisi ya mkoa ikiwa imefungwa, mota ya jokofu la Kisungule ikafa. Mzee Gwakisa alikuwa uani akichambua maharage. Hakusikia kitu, kwa kuwa hapakuwa na cha kusikia. Jumatatu kina mama walipofika na watoto mgongoni, alifungua jokofu akakuta chanjo zote ni vuguvugu. Wale mama wakarudi makwao kwa miguu, na kabla jua halijatua mji mzima ulikuwa ukisema mzee alikuwa amelewa. Mtu asiyeonja hata togwa!

Ikaundwa kamati ya uchunguzi chini ya Bwana Kihwele. Kamati ikachapisha karatasi ya posta, nayo ilisema wazi: jumbe arobaini na saba zimetumwa, jumbe arobaini na saba zimepokelewa. Siku ya Jumatano ikamtuma Atupele Kisungule akahakikishe muunganisho ni mzima, ili mzee asipate pa kujitetea.

"Shikamoo, mzee," alisema Atupele mlangoni.

"Marahaba. Pita, mashine ni ile."

Atupele akatuma ujumbe wa majaribio. Posta ikajibu papo hapo kwamba umepokelewa. Wote wawili wakainua macho kukitazama king'ora. Kimya. Akatuma wa pili. Kimya. Ndipo alipofungua daftari la mashine, kule ambako programu huandika mambo isiyomwambia mtu, akasoma: maktaba hailingani, ujumbe umeachwa. Mistari ya namna hiyo, tangu Jumamosi mchana mpaka Jumatatu asubuhi, ilikuwa arobaini na saba.

"Si nilikupigia simu?" Mzee Gwakisa alimuuliza taratibu.

"Lini, baba?"

"Mara tatu. Nikakwambia mashine yangu imenyamaza mno. Zamani nikichelewa tu kufunga mlango wa jokofu ilikuwa inapiga kelele. Ukaniambia, 'Nimekupata, mzee.'"

Atupele akakumbuka. Mara zote tatu alikuwa na simu sikioni huku macho yakiwa kwenye taa ya kijani.

"Niliiamuru ijibu kabla ya kufungua," alisema, machozi yakimlengalenga. "Inasema imepokea, kumbe haijasoma hata neno. Kosa ni langu, baba. Nisamehe."

"Nina mjukuu," mzee alisema. "Nikimwita yuko mchezoni huitika, 'Naam, babu!' Nikimtuma chumvi, chumvi haiji. Lakini yule ana miaka sita."

Maneno hayo yalimchoma Atupele kuliko tusi.

"Kayaseme haya kule wanakonihukumu," mzee aliendelea. "Chanjo zimeshaharibika. Mimi nataka jina langu tu."

Nampa Atupele haki yake: alikwenda akasema. Ijumaa alisimama mbele ya kamati, akaeleza habari ya posta, ya maktaba na ya amri aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe. Aliipiga picha ile mistari arobaini na saba akaiweka mezani. Hakujitetea hata kidogo. Bwana Kihwele alimsikiliza huku akiitikia kwa kichwa kwa adabu, kalamu yake ikiwa na kifuniko.

"Ahsante sana, Bi Atupele," alisema. "Tumekusikia." Kisha akamgeukia katibu. "Ile karatasi ya posta inasema zote zimepokelewa?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Na taarifa yetu ilikwishapelekwa juu tangu jana."

"Basi tuendelee."

Mzee Gwakisa alikuwa akingoja kwenye benchi la ukumbini, amevaa koti lake la harusi. Alimwona Atupele anatoka, akasimama.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Wamesema wamenisikia."

Mlango ukafunguliwa, katibu akatoka na bahasha, akamkabidhi mzee na kurudi ndani bila salamu. Mzee aliisoma yote, barua ya kumfukuza kazi kwa uzembe, akaikunja vizuri akaitia mfukoni.

"Wamekuitikia tu," alisema. "Kuitika si kusikia, binti yangu."

Kisungule ilipata kompyuta mpya, na king'ora kikalia tena, kikimlilia mtunza mwingine. Atupele aliendelea na kazi mpaka akawa mkuu wa mafundi, na kila taa ya kijani alituma mtu akaisikilize kwa masikio yake. Mzee Gwakisa alifariki mwaka uliofuata. Nilikuwa mazikoni. Nyuma yangu mama mmoja alimuuliza mwenzake ni nani anayezikwa, akajibiwa, "Si yule mlevi aliyeozesha chanjo?" Niligeuka nikawaeleza ukweli wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, nao wakaitika, "Ehee, ndiyo, mzee," huku wakitazama sufuria za wali zinavyopakuliwa.

Kuitika si kusikia.