Mbuzi wa Jirani

Palikuwa na liwali mmoja, Mbaruku bin Rajabu, mpenda usingizi. Jua likichomoza, yeye ndiyo kwanza anageuka ubavu. Barazani hafiki mpaka saa tatu, na adhana ya alasiri ikilia, keshafunga.

Ukuta kwa ukuta naye aliishi Bi Mize, mjane, na mjukuu mchanga aliyefiwa na mama. Mtoto yule akiishi kwa maziwa ya mbuzi. Na mbuzi naye, jamani, ikifika alfajiri anataka kukamuliwa, hulia.

Siku moja Liwali akaamka kanuna. Mbiu ikapigwa mjini: mnyama atakayelia ndani ya mji, jirani akalalamika barazani, mnyama ni mali ya jirani. Na mji ule una ada yake: neno likishapigiwa mbiu halifutwi mpaka mwaka ugeuke.

Mlalamikaji wa kwanza akawa Liwali mwenyewe. Akashitaki yeye, akasikiliza yeye, akajihukumia mbuzi yeye.

Siku tatu mtoto akapewa maji ya uji wa mtama, akayatema. Siku ya nne hata kulia hana nguvu. Bi Mize akajifunga kaniki yake, huyo, barazani.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Kama umefuata mbuzi, rudi kwako. Sheria ni sheria."

"Hewala, bwana. Hiyo sheria ndiyo iliyonileta. Nina mashitaka."

"Unamshitaki nani?"

"Jirani yangu. Kafuga mbuzi, alfajiri analia, silali."

"Jirani gani huyo?"

"Wewe, bwana."

Baraza zima likashikwa na kikohozi. Karani akainamia wino wake.

"Kizee we! Mbuzi si yule yule wako?"

"Alikuwa wangu. Umehukumu mwenyewe kuwa si wangu tena."

"Na alipokuwa kwako, mbona kelele hukuzisikia?"

"Nilizisikia sana, bwana. Lakini ningejishitaki mwenyewe, ungenicheka."

Liwali akamgeukia karani. "Sheria inasemaje?"

"Inasema jirani, bwana. Haikusema jirani gani."

"Ifute!"

"Imepigiwa mbiu, bwana."

Liwali akavuta pumzi, akaishusha. "Mpeni mbuzi." Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekumbuka jambo. "Lakini sikia, Mize. Kesho akilia, nami nalalamika. Namchukua tena."

"Haki yako, bwana. Njoo saa tatu, ukishaamka, umchukue. Kabla ya alasiri atakuwa keshalia kwako, nami nitakuja nilalamike, nimrudishe kwangu. Twende hivyo hivyo mpaka mwaka ugeuke. Wewe utamlisha mchana, mimi nitamkamua alfajiri."