Kwa Nini Nyungunyungu Hana Macho

Aliyemweleza Minza habari hii kwanza ni mama mkwe wake, Nkwimba, siku alipomkuta akilima kwa mara ya tatu shamba lililo juu ya machimbo yaliyofukiwa. Misimu miwili mahindi ya Minza yalikuwa yameozea kwenye tope, naye hakuwa na shamba jingine la kumlishia mtoto wake.

"Weka jembe chini, mwanangu," alisema Nkwimba. "Unarudia ujinga wa babu zetu."

Akaketi, akamsimulia. Wakati ule Nyungunyungu alikuwa na macho, tena makali, na alifanya kazi yake juani. Watu walichimba mawe ya chuma mpaka yakaisha, wakarudisha udongo shimoni. Lakini udongo ule ulikuwa maiti: mvua ikinyesha, uji, jua likiwaka, kigae. Wakamwendea Nyungunyungu wakimlilia njaa.

Akakubali. Akala udongo ule, akautoa chembechembe kama mtama. Mizizi ya nyasi ikazishika chembe zile pamoja, na maji yakapata pa kupita. Watu walipoona nyasi zimeota, wakaingia na majembe, wakaponda kila bonge mpaka likawa vumbi. Mvua moja tu, uji tena.

"Mmefanya nini?" aliuliza Nyungunyungu.

"Tumekulainishia, shangazi," alijibu mkubwa wao, Lugembe. "Tuliona unakawia."

Akaanza upya. Wakalima tena. Mara ya tatu akawakuta wamejipanga mstari, majembe begani, wanaimba.

"Nyie watu! Nikishona, mnafumua. Mkishafumua, mnaniita mvivu. Nani aliwaomba msaada?"

"Usikasirike, shangazi. Mtu mwenyewe huna hata kiuno, kazi hii utaiweza peke yako?"

Wakacheka. Nyungunyungu akang'oa jicho la kwanza, akang'oa la pili, akawatupia miguuni.

"Sitaki kuyaona tena majembe yenu! Tieni bonge ndani ya maji. Likisambaratika, msikanyage kwangu."

Akazama ardhini. Kuanzia hapo hana macho, na wenyeji wa pale machimboni hawalimi ardhi iliyofukiwa mpaka bonge lake likae majini bila kumumunyuka, hata ipite miaka wakingoja.

Asubuhi iliyofuata Minza alitia bonge la shamba lake kwenye bakuli la maji. Likayeyuka kabla hajamaliza kumfunga mtoto mgongoni. Akasonya. Kisha yeye, ambaye hakuzoea kuomba hata chumvi, akaenda kwa shemeji yake, akasimama mlangoni, akaomba matuta mawili ya kupandia viazi.