Kuku wa Mboza na Miche ya Kaniki

"Kabla hujaokota jiwe, tazama mdomo wa kuku." Mliisikia jana kisimani, Shangazi Nyange alipowaambia, nanyi mkacheka mkidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Jiwe na mdomo wa kuku, wapi na wapi? Basi kaeni. Anayemenya viazi aendelee kumenya, maana masikio hayashiki kisu. Methali hii ina kwao, na kwao ni Kwezinga, huko milimani Usambara, na ilizaliwa hivi.

Mboza alikuwa binti wa Korogwe, kule chini kwenye joto na mkonge, akaolewa Kwezinga kwenye ukungu na kabichi. Mumewe alikuwa fundi mwashi, leo yuko huku kesho yuko kule, kwa hiyo aliyeishi naye hasa alikuwa mama mkwe wake, Bi Kupaza. Bi Kupaza hakuwa mtu mbaya, lakini ulimi wake haukujua kupumzika. Alizungumza na watu, na mbuzi, na moto ukikataa kuwaka.

Siku ya kuondoka kwao, Mboza alipewa na mama yake matetea sita na jogoo. Mama alimwambia, "Ugenini usiombe chumvi, mwanangu. Uza yai." Kuku hao ndio waliokuwa mali yake, na ndio kwao palipobaki. Asubuhi aliposikia sauti zao, alijisikia kama ameamkia nyumbani. Aliyempenda kuliko wote ni tetea mmoja mwenye kishungi kichwani, na jina lake likawa hilo hilo, Kishungi.

Sasa, Kwezinga ilikuwa na desturi yake. Tangu siku ya kulima matuta ya kabichi mpaka siku ya kuvuna, kila kuku kijijini alifungwa mguu kwa kamba ya mkonge, kamba ikafungwa kwenye kigingi uani. Kuku akionekana katika bustani ya mtu, huyo ni kitoweo cha mwenye bustani, na mwenye kuku hana la kusema. Desturi ilikuwa na sababu, msidhani watu wale walikuwa wajinga. Kuku anachakura, na mche mchanga hauna ubavu wa kushindana na kucha. Lakini desturi ikikaa sana hufanana na mzee aliyesinzia kitini: kila mtu anapita kwa adabu, hakuna anayemuuliza kitu. Walifunga kwa sababu waliokuwa kabla yao walifunga.

Mboza naye alifunga. Alikuwa mgeni, na mgeni hafundishi wenyeji kula.

Masika ya mwaka ule miche ikaanza kuanguka. Chini kidogo ya ua wa kina Mboza palikuwa na bustani ya mzee mmoja aitwaye Kaniki, mkulima hodari, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Kila alfajiri Kaniki alikuta miche yake imelala, imekatwa shinani kama kwa wembe, majani yakiwa mazima. Akainua macho, akaona ua wa kina Mboza, akaona kuku. Hakuhitaji kufikiri zaidi.

Wazee wakaitwa. Wakaja uani, wakainama, wakashika mafundo ya kamba moja moja kwa mikono yao, wakayakuta yamekaza. Kaniki akasema, "Mtu wa Korogwe amezaliwa kwenye mkonge. Anajua kufunga, anajua na kufungua." Wazee walitazamana, wakatoa hukumu. Wakati huu wanasamehe, lakini akionekana kuku mmoja tu wa nyumba ile bustanini kwa Kaniki, wote saba wataingia chunguni.

Mboza alisikiliza akiwa amepiga magoti, kichwa chini. Kwa watu wale, mke ambaye hajatimiza mwaka wa ndoa hamjibu mzee mbele za watu. Akameza maneno yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba shaka ilimwingia na yeye. Asubuhi alikagua kamba, jioni akakagua tena, akamtazama Kishungi machoni na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Ni wewe?" Kishungi alikuwa na mambo yake. Miche ikaendelea kuanguka.

Ndipo ikaja ile mvua. Alasiri moja wingu lilipanda nyuma ya mlima, jeusi, limenuna, na kabla watu hawajaanua nguo upepo ulikwisha fika. Mvua ya mawe ilipiga mapaa, migomba ikalala, na maji yakaanza kuteremka mlimani yakikata njia popote yalipotaka. Njia mojawapo ilipita katikati ya ua wa Mboza.

Alipotoka nje akaona jambo ambalo desturi haikulifikiria. Kuku wake wamefungwa kwenye vigingi, na maji yanapanda. Yalikuwa yamewafika kifuani. Jogoo alikuwa akipiga mbawa na kuanguka, akipiga na kuanguka, kamba inamrudisha palepale. Mafundo yamelowa, vidole havifui dafu. Mboza alisimama, hajui ashike lipi. Akiwakata kamba, upepo utawatupa chini kwa Kaniki na kesho watakuwa mchuzi. Asipowakata, wanazama mbele ya macho yake.

Bi Kupaza akatokea na kisu, amejifunika ungo kichwani, mawe ya mvua yanapiga ungo kama ngoma.

"Unangoja nini?" akamwambia.

"Mama, wakishuka kwa Baba Kaniki wataliwa."

"Wakifa kwa maji ni mizoga, wakifa kwa chungu angalau ni mchuzi. Kata, mwanangu."

Mboza akakata. Mmoja alimrusha jikoni, mwingine akambana kwapani, mwingine akamshika mkia. Bi Kupaza naye alikuwa akiwapokea mlangoni huku akiwatukana kwa upendo. Watano waliingia jikoni. Jogoo upepo ulimbeba juu ya ua ukampeleka kwenye migomba ya chini, na Kishungi akamfuata. Walipotelea kwenye mvua, na Mboza akalia wazi wazi, hakuona haya.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi kana kwamba hazikufanya kitu. Watu wote walitoka kutazama kilichobaki. Mboza alishuka mbio, kanga imemfunguka, akitaka kuwahi kuwakamata kuku wake kabla ya macho ya mtu. Hakuwahi. Jogoo alikuwa juu ya jiwe akiwika kama mwenye shamba, na Kishungi alikuwa katikati ya matuta ya Kaniki, anachakura kwa miguu miwili. Nyuma ya Kaniki walisimama wazee wale wale pamoja na nusu ya kijiji. Kaniki alikuwa ameinama kutafuta jiwe la kumtosha kuku.

Mboza alikuja na neno moja tu kinywani, nalo ni "nisameheni". Lakini alipomkaribia Kishungi aliona kitu kinaning'inia mdomoni mwake. Kilikuwa kinene, cha rangi ya udongo, kinajipinda. Kishungi akatikisa kichwa, akakimeza kwa shida, akarudi kuchakura, akatoka na kingine. Mboza akasahau magoti, akasahau mwaka wake usiotimia.

"Baba Kaniki," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka kwa walio nyuma. "Kabla hujaokota jiwe, tazama mdomo wa kuku."

Watu walishtuka, na si kwa sababu ya kuku. Kaniki alibaki ameinama vile vile.

"Unasema na mimi?"

"Nasema na wewe, baba. Radhi nitaiomba baadaye. Tazama kwanza."

Kaniki akatazama. "Ni sota, funza wa udongoni," akasema. "Kuku hula wadudu, hilo halina ajabu. Na akimaliza wadudu anahamia kwenye kabichi."

"Kuku hawa walikuwa kwenye kamba, na wazee hawa walishika mafundo kwa mikono yao. Nimewakata jana, maji yalipotaka kuwaua. Miche iliyoanguka kabla ya jana ilikatwa na nani?"

Mboza akachuchumaa kwenye mche mmoja uliokatwa usiku ule, utomvu wake bado mbichi, akachimba shinani kwa kidole. Hakuchimba sana. Sota alikuwa hapo chini ya udongo, amejikunja kama pete, ameshiba. Mboza akamweka kwenye kiganja na kumwinulia mzee.

"Mwizi wako huyu hapa, baba. Na huyu hana mguu wa kufunga kamba."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Kaniki akapiga magoti kwenye tuta lake, yeye mwenyewe, akachimba kwenye mche mwingine. Sota. Akahamia wa pili yake. Sota tena, na mwenzake. Akachimba mpaka kucha zikajaa udongo, na kila alipochimba uso wake ulibadilika, mpaka watu wakamwonea huruma. Alikuwa amewalisha adui zake muda wote huo, na kuwafunga kamba askari wake.

Hapo hapo Bi Kupaza akafika akihema, na tenga kichwani. Hakusalimia mtu. Alilitua katikati ya bustani, akafungua kifuniko, na wale watano waliolala jikoni wakatoka wakiwa na njaa.

"Kama ni chungu, nimewaleta wote msihangaike kuwafukuza," akasema. "Na kama ni kazi, wapisheni wafanye."

Wakapishwa. Kuku saba walitawanyika kwenye matuta, na kazi waliyoifanya asubuhi ile watu waliitazama kwa furaha, kama wanavyotazama ngoma. Mvua ilikuwa imelainisha udongo na kuwatoa sota juu, kwa hiyo ilikuwa ni kuchakura na kumeza, kuchakura na kumeza. Kishungi alifika mahali akang'oa na mche mzima pamoja na sota wake. Watu wakamtazama Kaniki.

"Huo nitaupanda mimi," Kaniki akasema.

Hapo ndipo watu walipokimbia, kila mmoja kwake. Kamba zilikatwa Kwezinga nzima. Jua halijapata joto, kuku wa kila ukoo walikuwa bustanini, na vifaranga waliokuwa hawajawahi kukanyaga nje ya ua walijifunza siku ile udongo una nini. Kaniki mwenyewe alirudi kwake akambeba jogoo wake mzito, aliyenenepa kwa kukaa, akamshusha shambani kwa adabu.

Desturi haikuvunjwa, ila ilitengenezwa. Tangu mwaka ule kuku wa Kwezinga huingizwa kwenye matuta yakishalimwa, kabla ya mche wa kwanza kupandwa, wasafishe. Hufungwa miche ikiwa michanga, na hata hapo hufungwa bandani, mahali palipoinuka, si uani kwenye njia ya maji. Miche ikishika mizizi hufunguliwa tena asubuhi, na mtoto wa nyumba huwachunga. Kabichi za mwaka ule zilifunga vichwa vya kukumbatiwa kwa mikono miwili.

Kaniki alimwomba Mboza radhi mbele ya baraza. Wazee wengine walinong'ona kwamba haijapata kuonekana, mzee kumwomba radhi mke wa watu ambaye hata mwaka hana. Kaniki akawaambia kwamba kosa lake lilionekana na kijiji kizima, basi na radhi yake ionekane. Mboza alipokea akiwa amesimama, na furaha ilimjaa kifuani mpaka hakujua aangalie wapi. Bi Kupaza ndiye aliyejua. Aliangalia kila mtu, mmoja mmoja, kuhakikisha amesikia.

Baadaye kidogo ukatokea ugomvi wa maji. Mfereji ulikauka siku mbili, na watu wakasema mlinzi wake, Shechonge, amewauzia maji watu wa juu. Wengine walikwisha kusema afukuzwe kijijini, na wengine wakawa wanatoka kwenda kubomoa kibanda chake. Akasimama Kaniki, yule yule mwenye sauti ya kuvuka bonde, na safari hii hakuitumia. Alisema polepole maneno aliyoambiwa bustanini kwake, hakuongeza hata moja. Hakuna aliyemuuliza anazungumzia kuku gani. Wakapanda kwanza mlimani kutazama, wakamkuta Shechonge amesimama kwenye matope hadi kiunoni, peke yake, mikono inatoka damu, anaondoa maporomoko yaliyoziba mfereji. Hakuwa amekula tangu jana yake. Waliokuja kumfukuza wakavua mashati, wakaingia matopeni pamoja naye, na jioni ile maji yakashuka kijijini.

Kabla hujaokota jiwe, tazama mdomo wa kuku.