Geuza Boti

Wapendwa, mbio za baiskeli mnazijua, na za magunia mmekimbia. Leo nawapeleka kwenye mbio za boti za matanga, zile zinazokata bahari kuu nzima. Na wewe unayetapika kwenye pantoni, shikilia benchi.

Kulikuwa na boti moja yenye mabaharia sita. Ilikuwa siku ya thelathini na nane hawajakanyaga ardhi. Chakula chao unga wa paketi unaokorogwa na maji ya moto. Kitanda kimoja watu wawili, kwa zamu; ukiamka unamwachia mwenzako joto lako. Mmoja wao alikuwa amemwacha mkewe mjamzito, na hukohuko baharini akaambiwa kwa redio: umepata binti. Tangu siku hiyo alilala amekunja mkono, kana kwamba kuna kichwa kidogo juu yake. Jamani, hamu inaumiza!

Basi wakakaribia nyumbani. Mstari wa mwisho wanauona kwa macho, mara upepo ukakata. Matanga yakalegea, boti ikatulia tuli. Hapo ikaja boti ya injini kutoka bandarini. Ndani yake nani? Mkewe, na mtoto kwenye kanga.

"Mwone mwanao!" akaita. "Hana jina bado, tunakungoja wewe!"

Sasa, mbio hizo zina sheria: kabla ya mstari hupokei kitu wala mkono wa mtu wa nje. Ukigusa tu, boti nzima inaondolewa mashindanoni.

"Ukimshika," nahodha akamwambia kwa upole, "tumepotea wote sita."

Yule baba alisikia? Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka ukingo. Wewe ungefanyaje?

Mkewe akamtazama. Akawatazama na wale watano, midomo imepasuka kwa chumvi. Akamwambia dereva, "Geuza boti."

"Mke wangu, usiondoke!"

Hakugeuka. Yule mwanamume akakaa chini akalia, akasema, "Huyu amenichoka."

Alasiri upepo ukaja, wakavuka mstari. Gatini, mbele ya watu wote, nani amesimama na mtoto wake? Mumewe akamuuliza, "Nilipokuita, mbona hata kugeuka hukugeuka?"

"Ningegeuka ungeruka," akasema. "Na mimi nilikuwa nalia."

Wapendwa, sisi tunaomba na mbingu ziko kimya. Tunasema Mungu ametupa kisogo. Mimi mchungaji wenu, tangu nimzike mama watoto mwezi wa pili, nimeomba ndoto moja tu nimwone. Sijapewa. Nimenung'unika sana, sitawaficha. Lakini je, kama Mungu anatujua? Kama anajua kwamba tukionjeshwa kidogo tu tutaruka, tuwaache wenzetu waliomo botini? Nani katuambia kwamba anayetupa kisogo hana machozi?

Mstari hauko mbali. Tubaki botini, wapendwa, mimi pamoja nanyi. Sasa tusimame tuimbe.