Ng'ombe wa Mavumbini

Sogeeni, wajukuu. Masikio mmekuja nayo? Haya. Zamani, zamani hasa, milima hii ilipokuwa bado vichuguu, palikuwa na mjane aitwaye Nyamizi. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja tu.

Kila asubuhi Nyamizi alimkamua, akafagia uwanja, akachukua kijiti, akamchora ng'ombe wake mavumbini. Akimaliza, anatazama weee, kisha anafuta. Kesho tena. Anakamua, anafagia, anachora, anafuta. Miaka kumi!

"We Nyamizi, huchoki?" Kapela, jirani yake, alimcheka. "Mchoro hautoi maziwa!"

"Jana nilikosea sikio. Leo nimelipata," Nyamizi akajibu, hata kijiti hakukiweka chini.

Basi, Nyamizi akaugua sana. Akamwachia Kapela ng'ombe amtunzie. Alipopona akamfuata. Kapela akamkazia macho: "Ng'ombe gani? Huyu kazaliwa zizini kwangu!"

Mmeona mtu asiye na haya? Nyamizi moyo ulimuuma. Bila ng'ombe yule, angekula nini? Akaenda moja kwa moja kwa mtemi.

Mtemi akaamuru ng'ombe afichwe. "Mwenye mali anaijua mali yake. Nielezeni alivyo."

Kapela akawahi: "Mweupe, madoa meusi, pembe moja imepinda!"

Watu wakaguna. Ndivyo alivyo kweli.

"Nawe, mama?"

Nyamizi akaomba ufagio. Watu wakaangua kicheko. We Kaseko, usicheke nawe, sikiliza! Akafagia, akapiga magoti, akachora. Akachora doa la bega, doa la shavu, pembe iliyopinda. Kisha ndani ya paja la kushoto, juu ya kiwele, akachora kijidoa kidogo kama punje ya kunde.

Kapela akaruka. "Mwongo! Hapo hana doa! Nimemkamua miezi mitatu, ningeliona!"

"Miezi mitatu?" mtemi akauliza. "Si umesema kazaliwa kwako?"

Ng'ombe akatolewa, wazee wakainama. Kijidoa kile hapo!

"Mchoro huu uzungushiwe miiba, usikanyagwe," mtemi akasema. Lakini Nyamizi alikwisha kushika ufagio, anafuta.

"Mama! Mbona unafuta?"

"Kwato nimezikosea, Mtemi. Kesho nitamchora tena." Akamshika ng'ombe wake kamba, wakaenda zao nyumbani.

Wajukuu, Kapela alikuwa na macho mawili kama yenu. Kutazama kila mtu anatazama. Kuona ni kazi ya kila siku.

Kisa nimekichora, nami nakifagia. Anayekitaka, kesho akichore mwenyewe.