Mbweha Aliyehamisha Maua ya Njano

Paukwa!

Pakawa!

Na nyinyi wa nyuma mmeitikia? Haya.

Hapo zamani za kale palikuwa na kinamasi kikubwa. Katikati yake palikuwa na kisiwa chenye majani mabichi. Mayungiyungi yalichanua penye kina kirefu, na maua ya njano yalichanua penye udongo mgumu tu. Basi wanyama wakivuka walifuata maua ya njano. Mwiko ulikuwa mmoja: usiyaguse.

Kila asubuhi Mama Kuro, yule mnyama wa jamii ya swala apendaye kukaa karibu na maji, alimpeleka mwanawe kisiwani kula. Mbweha aliwaona, mate yakamtoka. Akasema, "Yule mtoto akinasa kwenye matope, ni wangu."

Kesho yake alfajiri Mbweha akachuma maua, akayachomeka juu ya matope. Mama Kuro akaja, akatazama. "Simama, mwanangu. Maua haya yamenyauka." Wakazunguka, wakapita.

Mara ya pili Mbweha akayang'oa na mizizi yake, akayapanda matopeni. Mama Kuro akaja, akatazama. "Simama, mwanangu. Maua haya yamelala, hata nyuki hawayataki." Wakazunguka, wakapita.

Mbweha akakasirika. Na hasira zake, jamani, zilikuwa na bidii! Mara ya tatu akachimba maua pamoja na udongo wake, bonge kwa bonge, akiyapanga juu ya matope ya pembeni, kuanzia ukingoni akielekea katikati. Akachimba, akapanga. Akachimba, akapanga. Maua yakasimama wima, nyuki wakaja. Mbweha akacheka peke yake.

Akageuka arudi ukingoni akajifiche. Mguu wa kwanza, chubwi! Njia yote ilikuwa mashimo, na mashimo yamejaa maji. Matope yakamshika hadi kifuani.

Mama Kuro akafika ukingoni na mwanawe.

"Shikamoo, Mama Kuro! Njoo univute, nakufa!"

"Marahaba. Nipite wapi?"

"Pita njiani!"

"Njia ipi, Mbweha? Si umeichimba yote?"

Mama Kuro alimhurumia. Akajaribu kuweka kwato moja, ikazama. Akarudi nyuma. Siku hiyo mtoto wake alishinda na njaa, akilia.

Mbweha akazama hadi masikioni, kisha masikio nayo yakazama. Nyuki wakaendelea na kazi yao.

Basi, hadithi hii inatufundisha kwamba ukiharibu njia ya wenzako, unaharibu na ya kwako ya kurudia.

Hadithi imeishia hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mimi.